Mbuzi Wakitupa Mimba Mfululizo, Nani Aambiwe?

Maneno haya yalizungumzwa na wafugaji kwenye josho, Mikumi, Wilaya ya Kilosa, siku ya kuogesha. Yameandikwa kwa ajili ya maboma ambayo hayakuwa na mtu siku ile.

Wewe mwanafunzi uliyepewa karatasi hii uwasomee wakubwa nyumbani, soma polepole. Wakikuuliza jambo usilolijua, usibuni jibu. Liandike nyuma ya karatasi uniletee.

Leo sitazungumzia dawa ya kupe wala chanjo ya ndigana, ile ambayo Wamasai mnaiita oltikana. Nataka tuzungumze juu ya taarifa. Najua taarifa haiuzwi mnadani na wala hainenepeshi ng'ombe. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao sisi wa Kilosa tunaujua, na katika ugonjwa huo taarifa iliyochelewa iligharimu maisha ya watu. Ni homa ya bonde la ufa.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2007. Mvua za mwisho wa 2006 zilikuwa kubwa kupita kiasi. Mbuga zikajaa, maji yakatuama wiki baada ya wiki, mbu wakawa wengi hata ng'ombe wakakataa kulala. Desemba 2006 ugonjwa ulithibitishwa Kenya, upande wa Garissa. Januari 2007 ukawa umeingia kwetu kupitia Mkoa wa Arusha, kule Ngorongoro. Kisha ukashuka. Dodoma ndiyo iliyoumia zaidi, na Morogoro yetu haikusalimika, Kilosa ikiwamo. Mpaka unakwisha katikati ya mwaka ulikuwa umepita mikoa 10. Watu 309 waliandikwa kuwa wameugua, na 144 kati yao walifariki. Kwa upande wa mifugo, waliohesabiwa kufa ni ng'ombe karibu 17,000, mbuzi zaidi ya 20,000 na kondoo zaidi ya 12,000. Nasema waliohesabiwa. Wale waliofia porini na kuliwa na fisi hakuna aliyewaandika.

Hapo nisimamie kidogo, maana hesabu hiyo huwatisha watu vibaya. Ukisikia kati ya watu 309 wamekufa 144, utadhani kila anayeupata anakufa nusu kwa nusu. Sivyo. Watu wengi wanaoambukizwa hupata homa, maumivu ya viungo na kichwa kwa siku chache, wakapona wakidhani ni malaria. Hao hawakufika hospitali, kwa hiyo hawakuandikwa. Walioandikwa ni wale waliozidiwa: waliotokwa damu puani na kwenye fizi, walioingiwa na manjano machoni, waliochanganyikiwa, wengine wakabaki na macho yasiyoona vizuri. Kwa hiyo usikimbie ukiona mtu ana homa. Lakini pia usiseme "ni malaria tu" wakati juzi ulimzalisha kondoo kwa mikono mitupu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza nanyi leo.

Baada ya mlipuko ule, watafiti walikwenda kwa wafugaji wa Kisomali, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakakaa nao chini na kuwaomba wapange matukio kwa kumbukumbu zao: lini mvua kubwa ilianza, lini mbu walijaa, lini mnyama wa kwanza aliugua, lini mtu wa kwanza, lini mganga wa mifugo alifika. Wakapata hivi, kwa wastani. Kutoka mvua kubwa mpaka mbu kujaa, kama siku 24. Kutoka mbu kujaa mpaka mnyama wa kwanza kuugua, kama siku 17. Kutoka mnyama wa kwanza mpaka mtu wa kwanza kuugua, tena kama siku 17 au 18. Na kutoka mnyama wa kwanza mpaka huduma ya mifugo kufika, kama siku 62.

Wazee wangu, zirudieni hizo siku kwa vidole. Mtu wa kwanza anaugua kama siku ya 17. Mganga wa mifugo anafika siku ya 62. Hapo katikati kuna mwezi mmoja na nusu watu wanachinja, wanachuna, wanakamua na kuzalisha wanyama wagonjwa, na hakuna aliyewaambia waache. Na wafugaji wale hawakuwa wajinga. Dalili walizozieleza zilikuwa sahihi, na mbu waliwaona kabla ya mtu yeyote mwenye darubini. Satelaiti za Marekani nazo zilikuwa zimeshaona tangu Septemba 2006 kwamba bahari imepata joto na mvua itazidi, na maonyo yakatolewa. Juu angani walijua. Chini zizini walijua. Waliokosa kujua kwa wakati ni sisi wa katikati: mimi, wenzangu wa kata, wilaya, hospitali. Kile ambacho serikali inakiita ufuatiliaji wa magonjwa ni kuziba hilo pengo la katikati, na wataalamu peke yao hawaliwezi.

Nami nina deni hapa, nilisema kabla hamjanidai. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mfugaji alinipigia simu Ijumaa jioni. Akasema kondoo wake wanne wametupa mimba tangu Jumatano. Jumamosi ilikuwa mnada na pikipiki haikuwa na mafuta. Nikamwambia, "Mzee, nitakuja Jumatatu." Nilipofika Jumatatu, mimba zilizotupwa zilikuwa zimeliwa na mbwa. Mwanakondoo mmoja aliyekufa alikuwa amefunikwa kwa majani tangu Jumamosi, amevimba, ananuka. Nilichukua kipande cha ini hivyohivyo, kwa aibu, nikakituma. Jibu likarudi kwamba sampuli imeoza, haifai kupimwa. Mpaka leo sijui kondoo wale walikuwa na nini. Hakuna mtu aliyeugua, tukamshukuru Mungu, lakini ilikuwa bahati tu. Tangu siku ile, simu ya kutupa mimba haingoji Jumatatu.

Nini basi cha kutazama? Mbuzi mmoja kutupa mimba si habari. Amepigwa pembe, ameruka korongo, amekula mti mbaya, ni kawaida. Pia upo ugonjwa wa brusela, unaowafanya ng'ombe watupe mimba, mara nyingi ile iliyokwisha kukua, leo huyu, mwezi ujao yule. Huo nao unaingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na unahitaji kupimwa. Homa ya bonde la ufa huja kwa namna nyingine. Inakuja kama radi. Ndani ya siku chache kondoo na mbuzi wenye mimba wanatupa karibu wote, mimba changa na mimba kubwa bila kuchagua. Vitoto vilivyozaliwa karibuni vinalegea, vinakataa kunyonya, na vingi vinakufa ndani ya siku moja au mbili. Ndama wanafuata. Ng'ombe wakubwa wanapata homa, maziwa yanakatika, wengine wanatoa damu puani au kuharisha. Kondoo huumia kuliko wote. Ukichanganya hayo na mvua iliyozidi na mbu waliozidi, usingoje kunitafuta siku ya josho.

Mimi kwa kazi yangu natumia kanuni yangu mwenyewe, haimo katika kitabu chochote: wakitupa watatu katika wiki moja kwenye boma moja, nataka kujua. Wakitupa wawili kwako na wawili kwa jirani, nataka kujua vilevile. Nitakuja, na nikikuta si kitu nitakunywa chai nirudi. Safari ya bure hainiumizi kama ile ya Jumatatu.

Watu huniuliza, huu ugonjwa hulala wapi miaka yote isipoonekana? Hapa nchini kumbukumbu za milipuko zinaanzia 1930, na mpaka 2007 ulikuwa umelipuka kama mara 10. Kuna wakati ulirudi baada ya miaka 3 tu, na kuna wakati ulikaa kimya miaka 17. Unalala katika mayai ya mbu. Wapo mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga kwenye udongo wa mbuga, kandokando ya maji. Mama aliyeambukizwa hutaga mayai yaliyoambukizwa tayari, na mayai hayo yanaweza kukaa katika tope lililokauka mwaka hadi mwaka. Ikija mvua ya kufunika mbuga yote, yanaanguliwa kwa pamoja, na mbu wanatoka na ugonjwa wao. Kisha mbu wa aina nyingine wanaupokea kutoka kwa mifugo na kuusambaza. Sasa angalieni tunapoishi. Tuna mbuga ya Mkata. Tuna Mkondoa, ambao mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulivunja kingo na kuhamisha watu Kilosa. Maji kutuama kwetu si jambo geni. Kwa hiyo kijana akikua akisema "mimi sijawahi kuuona ugonjwa huo", mwambie hata babu yake alikaa miaka bila kuuona, halafu ukaja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza kwenye redio kwamba vuli au masika itakuwa na mvua za juu ya wastani, hapo ndipo mazungumzo ya chanjo yanapaswa kuanza. Chanjo ya mifugo ipo, lakini ina wakati wake: kabla ya ugonjwa. Ile ya zamani iliyo hai inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba atupe. Na ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikizunguka zizi zima inaweza kubeba virusi kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima. Ndiyo maana ukiona wenzako wanaanza kutupa mimba, usinunue chanjo kwa mtu wa begi mnadani ukachome mwenyewe usiku. Kwa binadamu hakuna chanjo utakayoikuta hospitalini.

Mama zangu, sasa nasema nanyi. Mnaniita bwana mifugo ingawa mnaniona nimejifunga kanga kama ninyi, na nimeshazoea. Katika boma, baba anajua bei ya dume, lakini mama ndiye anajua mbuzi gani hakulala, ndama gani hakunyonya, maziwa ya nani yamepungua tangu jana. Mnyama akikwama kuzaa, mnaitwa ninyi na vijana. Mikono inayoingia ni yenu. Na katika ugonjwa huu hatari kubwa kwa binadamu haitoki kwa mbu peke yake, inatoka kwenye damu, maji ya uzazi, kondo la nyuma na mimba iliyotupwa. Wengi walioambukizwa walikuwa wamechinja, wamechuna, wamezalisha au wamegusa nyama mbichi ya mnyama mgonjwa.

Kwa hiyo mimba iliyotupwa usiishike kwa mkono mtupu. Kama huna glavu, vaa mfuko wa plastiki mzima usio na tundu, mkono hadi kwenye kiwiko. Chimba shimo la kimo cha kiuno, mbali na maji, fukia mimba na kondo lake na majani yaliyoloa damu, weka miiba juu ili mbwa wasifukue. Nimesema mbwa kwa sababu nawajua mbwa wetu. Kisha nawa kwa sabuni na maji mengi. Sabuni ya kipande inatosha, si lazima dawa ya dukani. Lakini kama umenipigia simu na nimekwambia niko njiani, usifukie kwanza. Funika kwa karai au beseni kuukuu, weka jiwe juu, mtoto mmoja afukuze mbwa, nikute nichukue sampuli.

Maziwa yachemke. Najua wazee watanitazama kwa jicho. Najua maziwa ya kibuyu yana ladha yake na yana heshima yake, na damu mbichi nayo ina siku zake. Siwaambii mwache mila milele. Nawaambia kwamba wakati mbuzi wanatupa mimba, maziwa yachemke na damu isinywewe. Mnyama anayeumwa asichinjwe kwa kuwahi kisu. Hilo la kuwahi kisu ndilo limemaliza watu. Tunaona mnyama anakufa, tunasema nyama isipotee, anachinjwa, damu inarukia machoni, inaingia kwenye kidonda cha mkono.

Na kuna jambo ambalo naomba mliseme kila mnapokwenda zahanati au hospitali. Mtu akipata homa, mwambieni mganga hivi: "Kwetu mbuzi wanatupa mimba, na mimi niliwagusa." Mganga hakai nanyi zizini, hawezi kulijua hilo kwa kukutazama. Atapima malaria, itaonekana hakuna, atakupa dawa ya maumivu, utarudi nyumbani. Lakini ukimwambia hilo neno moja, ataanza kuwaza tofauti, atakuangalia kwa karibu, na atapiga simu wilayani. Dawa maalumu ya kuua virusi hivi hakuna, ila mgonjwa akiwahi anasaidiwa maji, damu na uangalizi. Vilevile ipo namba ya Wizara ya Afya, 199, hupigwa bila malipo.

Msifikiri naweza kutambua ugonjwa kwa macho. Mwaka 2022 kule Ruangwa, Mkoa wa Lindi, watu walianza kuugua homa na kutokwa damu puani, wakaanguka. Kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa ule. Maabara ilipopima, Wizara ya Afya ikatangaza mwezi Julai kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa unaotokana na mkojo wa wanyama kwenye maji na udongo. Walikuwa wameugua watu 20 na 3 wamefariki. Damu puani ileile, ugonjwa mwingine kabisa, na kinga yake nyingine. Mimi nina cheti cha mifugo na miaka kadhaa ya kukanyaga samadi. Nikiangalia naweza kushuku, lakini anayesema kwa hakika ni maabara.

Ndiyo maana nikija natoka na vichupa vya damu ya wanyama wenye homa na kipande cha ini la aliyekufa, nakiweka kwenye kasha la barafu. Kutoka kwangu kinakwenda kwa daktari wa mifugo wa wilaya Kilosa, kisha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, Temeke, Dar es Salaam. Habari yenyewe hupanda kwa njia hiyohiyo hadi Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na wizara inawaambia wa afya. Wenzetu wa SACIDS, pale Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, walitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData ili mtu wa kijijini aweze kutuma dalili za binadamu na za mifugo kwa pamoja. Ni kitu kizuri. Ila msingoje simu kubwa. Simu ya kitochi yenye salio la shilingi mia mbili inafanya kazi hiyo, na kama huna salio, nibipu.

Sasa tuseme lile ambalo mnalisema nikishaondoka. Mzee mmoja aliniambia hapahapa, "Binti yangu, tukisema mnafunga mnada. Tusiposema, tunauza." Sikumjibu siku ile, kwa sababu alisema kweli. Mwaka 2007 karantini ziliwekwa na minada ilifungwa. Watu walikosa ada za shule na unga, huku ng'ombe wamejaa zizini. Sitawadanganya kwamba karantini haiumi.

Lakini nimefikiri sana juu ya maneno ya mzee yule, na naona hesabu yake ina sehemu moja iliyokosekana. Mnada haukufungwa 2007 kwa sababu mfugaji mmoja alisema mapema. Ulifungwa kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshaenea mikoa mingi na watu wanazikwa. Wakati huo hakuna anayeuliza ni boma la nani, hufungwa wote. Ugonjwa ukijulikana ungali katika maboma mawili, kuna nafasi ya kuzuia maboma mawili. Nami sijawahi kuona mnada uliofungwa kwa simu ya mtu mmoja. Na yule anayewahi kumuuza kondoo mgonjwa Jumamosi, anamuuzia nani? Mchinjaji wa Mikumi, au jirani. Yule kijana wa machinjioni anayemwaga damu alfajiri bila viatu ni mtoto wa mtu.

Lingine mnalolihofia ni kuhesabiwa. Mnaona mtu wa serikali na daftari, mnadhani kesho mtaambiwa mpunguze mifugo au mhame. Nalielewa, hapa Kilosa ardhi imeshaleta maneno mengi na hata damu. Basi tukubaliane. Nikija kwa ajili ya ugonjwa, sitakuuliza una ng'ombe wangapi. Nitauliza wangapi wametupa, wangapi wamekufa, tangu lini, na walichungwa wapi. Ukitaka kuniambia "wachache katika wengi" au "karibu wote", inanitosha kuanza kazi.

Nanyi mna haki ya kunidai. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa ya ugonjwa wa namna hii. Lakini najua watu huacha kutoa taarifa pale wanapotoa mara ya kwanza, ya pili, na hakuna aliyewarudishia jibu. Ukinipa damu ya mbuzi wako, nina wajibu wa kurudi kukuambia kilichoonekana, hata kama jibu ni kwamba hawakuona kitu. Nikikaa kimya, niite mbele ya mwenyekiti wa kijiji uniulize.

Niseme kidogo kuhusu wanyama wa hifadhi. Sisi tunapakana na Mikumi, na nyati hawajui mpaka. Kuna magonjwa tunapeana nao. Mkiona nyati au swala wamekufa wawili watatu mahali pamoja bila alama ya meno wala risasi, msikaribie, mwambieni askari wa TANAPA au mimi. Na mnyama yeyote, wa porini au wa nyumbani, aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na nyuma, msimpasue kabisa. Huyo tunamshuku kimeta, na ukimfungua unatawanya vimelea vinavyokaa ardhini miaka mingi. Pia ile tabia ya kukimbilia mnyama aliyegongwa na lori barabara kuu: mbali na kwamba utakamatwa, humjui alikuwa na nini kabla ya lori.

Wazee mnaoikumbuka sotoka mtanisaidia hapa kuwaeleza vijana. Ilimaliza ng'ombe wa nchi hii miaka ya 1890, ikawa inarudi na kurudi. Mara ya mwisho kuonekana Tanzania ilikuwa 1997, mpakani kaskazini. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kumalizwa na binadamu. Chanjo ilifanya kazi kubwa. Lakini ilifika mahali chanjo ikasimamishwa makusudi, na kazi ikabaki moja tu: wachungaji kutazama na kusema wakiona ng'ombe mwenye machozi, vidonda mdomoni na kuhara. Walitazama mpaka hapakuwa na cha kuonekana. Kijana wa leo hajui hata jina lake.

Namba yangu imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa josho, upande wa kuingilia ng'ombe, na mwenyekiti anayo. Nikiwa sipatikani, mpigie mtendaji wa kijiji, naye ana namba ya wilaya. Ukipiga, nitajie boma, siku ya kwanza kuona, ni kondoo au mbuzi au ng'ombe, wangapi wametupa, na kama kuna mtu mwenye homa nyumbani. Usiku pia nitapokea. Na yule beseni kuukuu, msisahau kuweka jiwe juu yake.